Juu ya Kuhama Mfumo Endeshi: Maelezo kwa Wakusanya Maneno

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mtu anavyoweza kuacha mfumo endeshi wa kompyuta aliouzoea na kuingia katika mfumo wa programu huria, na kwa nini jambo hilo, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, latuhusu sisi tunaokusanya na kuhifadhi maneno ya lugha zetu. Sikusudii kuwafundisha mafundi kazi yao. Nitasema yale niliyoyaona katika kazi yangu mwenyewe huko Izigo, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, ili mwenzangu asipatwe na hasara iliyonipata mimi.

Mwaka 2011, nilipokuwa nikitayarisha tasnifu yangu katika chuo kimoja cha ng'ambo, nilirudi Izigo nikaandika kutoka vinywani mwa wazee maneno ya Kihaya yapatayo elfu mbili: majina ya aina za migomba, ya vyombo vya kutengenezea rubisi, ya sehemu za nyumba ya msonge, na ya desturi ambazo vijana wengi hawazijui tena. Kila neno niliandika pamoja na alama za toni, kwa kuwa Kihaya ni lugha ya toni, na hata nyakati za vitenzi vyake hutofautishwa kwa toni. Kazi yote niliiweka katika programu ya kutungia kamusi niliyopewa chuoni, ambayo leseni yake ililipiwa kila mwaka. Nilipohitimu leseni ilikoma. Programu iliendelea kufunguka katika kompyuta yangu ile ya zamani tu, nami sikufikiri kwamba iko siku kompyuta hiyo itakufa. Mwaka 2023 ilikufa. Nakala za faili nilikuwa nazo, salama kabisa, katika flashi mbili. Lakini hapakuwa na kitu cha kuzifungulia.

Nilikwenda kumweleza mmoja wa wazee wale, ambaye sasa umri wake umepita miaka themanini. Baada ya kumwamkia nilimwambia, "Tata, maneno uliyonipa yapo, ila siwezi kuyafungua." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, kumbe maneno yangu uliyaweka katika nyumba ya mtu mwingine?" Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya nijifunze mambo ninayoyaeleza hapa.

Maana ya mfumo endeshi

Kompyuta yenyewe ni chuma, nyaya na kioo. Kati ya chuma hicho na programu za kazi, kama ile ya kuandikia hati au ya kusikilizia sauti, hapana budi pawepo programu ya msingi inayogawa kumbukumbu, inayotunza faili, na inayopokea kila herufi ibonyezwayo na kuipeleka mahali pake. Programu hiyo ya msingi ndiyo iitwayo mfumo endeshi. Wengine husema mfumo wa uendeshaji. Wengi wetu tumezoea Windows, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1985. Kwa kuwa tuliukuta umekwisha kuwekwa katika kompyuta tulizonunua, twauona kana kwamba ni sehemu ya mashine, kumbe waweza kuondolewa na mwingine ukawekwa mahali pake bila kubadili chuma hata kidogo.

Hivi karibuni wengi wamelazimika kulifikiri jambo hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo marekebisho ya usalama hupewa wale tu waliojiandikisha kwa nyongeza ya muda. Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, wadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakato cha miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za zamani hazina vitu hivyo. Basi mwalimu mwenye kompyuta ya mwaka 2014, nzima na yenye nguvu ya kutosha kwa kuandika, huambiwa anunue nyingine.

Njia ya pili ni kuhamia mfumo wa programu huria. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuandika mfumo uitwao GNU, ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini kiitwacho Linux. Kutokana na viwili hivyo imetengenezwa mifumo mingi. Mmoja unaojulikana sana ni Ubuntu, uliotolewa kwanza mwaka 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo si geni kwetu. Ni shina la Kibantu lile lile ambalo Kihaya hulisema obuntu, penye omuntu na abantu, na ambalo Kiswahili, kilichoipoteza n mbele ya t, hulisema utu, penye mtu na watu.

Huru, bure na huria

Hapa pana suala la lugha ambalo limewapotosha wengi. Waanzilishi wa programu hizi waliziita kwa neno la Kiingereza free, ambalo lina maana mbili, na tangu siku ile wamekuwa wakieleza kwamba maana waliyoikusudia ni ya uhuru wala si ya bei. Kiswahili hakina shida hiyo. Kitu cha bure hakina bei. Kitu kilicho huru hakina bwana. Neno huria nalo, tulilokwisha kulitumia katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, lataja kitu kilichofunguliwa kwa kila atakaye. Kwa hiyo programu huria ni istilahi nzuri. Wale wasemao programu za bure wamechukua sifa iliyo ndogo na kuiacha iliyo kubwa, kwa maana ziko programu nyingi za bure ambazo zimefungwa kabisa.

Mtu wa Buhaya ataielewa tofauti hii upesi kwa mfano wa ardhi. Zamani za nyarubanja mtu alilima kibanja, akapanda migomba na mibuni kwa jasho lake, lakini kibanja kilikuwa cha bwana, naye mlimaji alikuwa mpangaji mwenye kutoa kodi. Sheria ya mwaka 1965 iliwafungulia wapangaji hao njia ya kuwa na haki juu ya ardhi waliyoilima. Leseni ya programu iliyofungwa yafanana na nyarubanja: maneno nimeyapanda mimi, lakini lango la kuingilia shambani ni la mwingine, na siku akilifunga sina la kusema.

Hata hivyo yapasa kusema haki. Haukuwa Windows ulionifungia maneno yangu. Lililoyafunga ni umbo la faili, yaani namna programu ile ya kamusi ilivyoyaandika maneno ndani yake. Mtu aweza kuhamia mfumo huria na kubaki na faili zilizofungwa vile vile. Tena aweza kubaki katika Windows na kuwa na faili zilizo wazi. Kwa mkusanya maneno, kwanza ni umbo la faili, pili ni programu, na mfumo endeshi ni wa tatu. Wengi hulianza jambo hili kwa kinyume, ndiyo maana hukata tamaa.

Faili na herufi

Faili iliyo wazi ni ile ambayo kanuni za kuiandika zimetangazwa, hata mtu yeyote aweza kutengeneza programu ya kuisoma. Faili ya maandishi matupu ni ya namna hiyo. Hati za OpenDocument pia ni za namna hiyo, nazo zilikubaliwa mwaka 2006 kuwa kipimo cha kimataifa na shirika la ISO. Rekodi zangu za sauti, ambazo kwa bahati nilizihifadhi katika umbo la WAV, zilifunguka siku ile ile nilipoweka mfumo mpya, na nikaweza kuzichunguza kwa Praat, programu huria ya fonetiki iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Maneno yenyewe yalinisumbua zaidi. Fundi mmoja alinionyesha jinsi ya kuchota maandishi yaliyofichwa ndani ya faili iliyofungwa, kazi ambayo mfumo wa Linux una zana ndogo za kuifanya. Maneno yalitoka, lakini kila irabu yenye toni ilitoka kama alama isiyo na maana. Sababu ni hii. Zamani kila fonti ya wanaisimu iliweza kuiweka irabu yenye toni mahali pa alama nyingine, kama ile ya asilimia; jicho liliona toni, lakini kompyuta ilihifadhi asilimia. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, iliondoa maradhi hayo kwa kuipa kila herufi na kila alama ya toni nambari yake isiyobadilika, lakini programu yangu haikuifuata. Ilinibidi nitengeneze jedwali la alama na irabu zake, na kuzibadili moja moja. Alama moja ilikuwa imetumiwa kwa irabu mbili. Pale palipokuwa na rekodi nilisikiliza nikarekebisha. Pasipokuwa na rekodi nilirudi Izigo kuuliza. Baadhi ya wazee walionipa maneno hayo walikuwa wamekwisha kufariki. Yako maneno machache ambayo leo nayaandika bila toni, wala sijui wa kumwuliza.

Kiswahili katika programu huria

Kwa watu wa Kiswahili iko faida nyingine. Mwaka 2004, katika kazi iliyojulikana kwa jina la Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huo huo nia ya kutafsiri programu zake. Tofauti ni kwamba tafsiri ya programu huria haina mlango uliofungwa: mwenye kuona kwamba istilahi fulani haifai aweza kupeleka sahihisho lake. Tukiona kwamba tafsiri katika mifumo hii haijakamilika, lawama ni yetu pia.

Chukua mfano wa kusahihisha tahajia. Programu ya LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, hutumia chombo kiitwacho Hunspell, ambacho kiliundwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha ambayo kama yetu huunganisha viambishi vingi katika neno moja. Orodha ya maneno peke yake haiwezi kukitosheleza Kiswahili. Neno hawatamwandikia, lenye ha-, -wa-, -ta-, -mw-, -andik-, -i- na -a, ni umbo moja tu kati ya maelfu yatokanayo na mzizi huo, na hapana atakayeyaorodhesha yote. Lakini Hunspell huruhusu kuandika kanuni za viambishi mahali pa orodha, na kuandika kanuni za viambishi ni kazi ya mwanaisimu, si ya fundi.

Jinsi ya kuhama

Mwenye kutaka kuhama na afuate utaratibu huu. Kwanza, akiwa bado katika Windows, aanze kutumia programu huria, kama LibreOffice na Praat, kwa kuwa hizo hufanya kazi pande zote mbili. Pili, azihamishe hati zake katika maumbo yaliyo wazi, na herufi zote ziwe za Unicode, kisha azifungue katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha. Tatu, atunze nakala mahali pawili mbalimbali. Nne, aupakue mfumo mpya na kuuweka katika flashi. Aweza kuiwasha kompyuta kutoka katika flashi hiyo na kuujaribu mfumo bila kugusa kilichomo ndani. Hapo aangalie kama intaneti, sauti na printa vyafanya kazi, na kama mpangilio wa kibodi wa Kiswahili cha Tanzania umo. Tano, akiridhika, auweke kando ya Windows, na kila awashapo achague. Asiifute nyumba ya zamani kabla hajaizoea mpya.

Hasara nazo zipo. Kupakua mfumo kwahitaji gigabaiti kadhaa, jambo lisilo rahisi kwa mtu wa kijijini, ndiyo sababu ni vema wenzi wapeane flashi, na leseni yaruhusu hivyo. Hati zitumwazo na wenzetu katika umbo la Word hufunguka, lakini pengine mistari na majedwali huhama kidogo. Baadhi ya printa hukataa. Tena ziko programu za kazi za ofisi zisizofanya kazi ila katika Windows, na mwenye kuzihitaji hana budi kuubakiza.

Nilipomaliza kuyarudisha maneno nilichapa orodha yote karatasini nikampelekea mzee yule, nikamweleza kwamba sasa mtu yeyote aweza kuyafungua bila kuomba ruhusa. Aliniomba nimsomee ukurasa mmoja. Nilipofika kwenye neno nililoliandika bila toni alinikatiza akalitamka mwenyewe, nami nikaweka alama mahali pake. Yaliyobaki bado nayaulizia. Natumaini maelezo haya machache yatawafaa wenzangu ambao maneno yao yangali yamefungiwa, na ambao wazee wao wangali hai.