Ritifaa na Kanuni za Majina ya Wahusika katika World of Warcraft
Katika World of Warcraft, mchezo wa intaneti ulioanza mwaka 2004, jina la mhusika wa mchezaji huwa neno moja lenye herufi 2 hadi 12. Nafasi, tarakimu na ritifaa haziruhusiwi. Hata hivyo, wahusika waliobuniwa na watunzi wa mchezo wenyewe, kama vile Kael'thas na Gul'dan, wana ritifaa. Katika majina hayo, alama hiyo hasa ni pambo la kuashiria ugeni. Katika Kiswahili, hutofautisha sauti. Mchezaji anayetaka jina la Mng'ao hulazimika kuandika Mngao, na nazali ya kaakaa laini husomwa ikifuatwa na kipasuo. Hivyo, kanuni inayoonekana kuhusu tahajia tu hugusa fonolojia: jina linaloruhusiwa silo lililokusudiwa.