NASABA YA SAMAKI WA ZIWA TANGANYIKA



Ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi wetu, katika soko la Sumbawanga samaki mdogo aliyekaushwa anaitwa dagaa. Akiuzwa Mpulungu, upande wa Zambia, anaitwa kapenta. Akifika Bujumbura anaitwa ndagala. Majina ni matatu. Je, samaki naye ni watatu, au ni mmoja? Na kama ni mmoja, ni mali ya nani?

Swali hili linaonekana dogo, lakini mwaka 2024 liligusa sufuria za familia nyingi za mkoa wetu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ya mwaka huo, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaa na wachanga wakue. Kwa mvuvi wa Kasanga, Kipili, Kirando au Kabwe, miezi mitatu bila kushuka ziwani ni miezi mitatu ya kutafuta ada ya shule na unga mahali pengine. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza: "Kwa nini nizuiwe mimi, hali wenzangu ng'ambo nao wanavua?" Katika makala haya tunapenda kueleza jinsi elimu ya nasaba za viumbe inavyosaidia kulijibu swali hilo.

ZIWA LENYEWE

Sisi wa Ufipa tunakaa juu, kwenye uwanda wa baridi wa mahindi, maharage na ulezi. Ziwa liko magharibi, karibu mita 1,000 chini yetu. Lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Limegawanywa kwa nchi nne: Kongo ina sehemu kubwa zaidi, Tanzania inafuata kwa karibu, kisha Burundi na Zambia zenye sehemu ndogo.

Ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka. Kwa muda mrefu namna hiyo samaki wake wamekuwa wa aina nyingi ajabu. Katika jamii moja tu, ile ya sato na perege, zimehesabiwa aina zinazokaribia 250, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani.

VINASABA NI NINI?

Neno "vinasaba" tumelitoa katika neno tunalolijua sote, nasaba, yaani ukoo wa mtu na asili yake. Kila kiumbe hai hubeba ndani ya mwili wake maandishi madogo aliyorithi kwa baba na mama. Wataalamu huyaita DNA. Maandishi hayo hunakiliwa kila kizazi kipya kinapozaliwa, na katika kunakili hutokea mabadiliko madogo madogo.

Tuchukue mfano wa darasani. Mwanafunzi mmoja ananakili somo la historia, na kwa bahati mbaya anaandika 1916 mahali pa 1961. Wenzake wanaoazima daftari lake nao wanaandika 1916. Kama madarasa mawili yanaazimana madaftari, baada ya muda kosa hilo litaonekana katika madarasa yote mawili. Kama hayaazimani kabisa, kila darasa litakuwa na makosa yake, na mwalimu akishika daftari lolote atajua limetoka darasa gani.

Samaki nao wako hivyo. Wakichanganyika na kuzaliana, alama za vinasaba vyao huenea kila mahali. Wakitengana, kila upande hukusanya alama zake peke yake. Mtaalamu hahitaji samaki mzima ili kujua hayo. Kipande kidogo cha pezi kilichohifadhiwa ndani ya spiriti kinatosha kupelekwa maabara.

DAGAA: UKOO MMOJA, NCHI NNE

Dagaa wa Tanganyika wako aina mbili. Mmoja wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, na wa pili Limnothrissa miodon. Yule wa kwanza huishi mbali na ufukwe, katika makundi makubwa, na maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi. Mchana huzama, usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula. Ndiyo maana wavuvi huwavuta kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola. Na ndiyo maana mwezi unapokuwa mpevu, katika zile tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, kazi hupungua, kwa kuwa taa haishindani na mbalamwezi.

Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya Stolothrissa waliochukuliwa kaskazini, katikati na kusini mwa ziwa. Wachunguzi walitafuta alama za kutenganisha samaki wa upande mmoja na wa upande mwingine, na hawakuziona. Dagaa wa kusini na dagaa wa kaskazini walikuwa kama madarasa yanayoazimana madaftari. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba Limnothrissa, ambaye huzaa karibu na ufukwe, hutofautiana kidogo kadiri umbali unavyoongezeka, lakini tofauti hiyo ni ndogo.

Hapa tuwe waangalifu. Habari hii haimaanishi kwamba dagaa wa Kasanga huogelea mpaka Bujumbura kila mwaka. Wahamiaji wachache katika kila kizazi wanatosha kuuchanganya ukoo. Inachomaanisha ni kwamba hakuna nchi inayoweza kusimama na kusema, "Hawa ni dagaa wangu peke yangu, nitawafanya nitakavyo." Majina matatu tuliyoyataja mwanzo ni ya watu. Samaki hana habari nayo, wala hajui mpaka uko wapi.

Basi swali la mvuvi wetu lina jibu, na jibu hilo linampa haki yake. Nchi moja ikifunga na nyingine zikaendelea kuvua, anayefunga anabeba njaa na asiyefunga anabeba faida. Kufunga kunaleta haki pale nchi zote nne zinapofunga pamoja. Msingi wake ulikwishawekwa: nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura.

Tuseme pia kwamba mvuvi si wa kulaumiwa peke yake. Tafiti zilizotolewa mwaka 2003 na 2016 zimeonyesha kuwa maji ya ziwa yameongezeka joto. Maji ya juu yakipata joto sana hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Joto hilo halikutoka kwenye mtumbwi wa mtu wa Kirando.

SAMAKI WA MAWE: KILA PWANI NA WAKE

Sasa tuwaache dagaa wa maji ya mbali, tusogee kwenye mawe ya ufukweni. Hapo yuko samaki mdogo wa jamii ya sato ambaye wataalamu humwita Tropheus. Hula ukoga unaoota juu ya mawe. Jike huyaweka mayai yake mdomoni mpaka yaangue, na mayai yenyewe ni machache, mara nyingi hayafiki 20. Samaki huyu anaogopa mahali pasipo na maficho. Akikutana na ufukwe mrefu wa mchanga au maji ya kina, havuki.

Matokeo yake ni kwamba kila genge la mawe lina watu wake. Hapa ni wekundu, mbele kidogo wana mstari wa njano, mbele zaidi ni weusi. Rangi zilizokwisha kutambuliwa zinazidi 100. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga samaki hawa katika vioo vya maji majumbani, na huwaita kwa majina ya vijiji walikotoka. Kwa hiyo jina la Kasanga linajulikana na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Sumbawanga.

Mwaka 1992 wataalamu Christian Sturmbauer na Axel Meyer walipima vinasaba vya samaki hawa. Waligundua kwamba tofauti zilizomo ndani ya Tropheus peke yao ni mara mbili ya zile za sato wote wa Ziwa Malawi waliopimwa, na mara sita ya zile za Ziwa Viktoria, ingawa kwa umbo Tropheus wote wanafanana. Haya ni madarasa ambayo hayakuazimana daftari kwa muda mrefu mno.

Hapa ndipo hatari ilipo. Dagaa wakipungua Kipili, wa sehemu nyingine za ziwa wanaweza kuja kujaza nafasi. Samaki wa mawe wakimalizwa katika genge moja, hakuna wa kuja. Kufunga ziwa miezi mitatu hakuwezi kumrudisha aliyekwisha toweka.

HATA BAHARINI

Jambo hili haliko ziwani tu. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani yetu walianza kunasa silikanti, samaki wa kale sana, na wengi walinaswa Tanga katika jarife zilizotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Wengine walidhani ni wageni waliochukuliwa na mkondo kutoka Visiwa vya Komoro. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wa Tanga ni ukoo wao peke yao, uliojitenga zamani sana. Kwa hiyo wakiisha Tanga, wa Komoro hawatawarudisha. Tayari mwaka 2009 serikali ilikuwa imetenga hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuelewe kwamba dawa moja haitibu maradhi yote. Dagaa wanahitaji nchi nne zikubaliane. Samaki wa mawe wanahitaji kijiji kimoja kilinde mawe yake.

Pili, tuachane na makokoro yanayokokotwa ufukweni. Watoto wa Limnothrissa hukulia hapo, na nyavu hizo huwazoa kabla hawajazaa hata mara moja.

Tatu, sisi wa juu tusijione hatuhusiki. Mto Kalambo na mito mingine ya Ufipa hushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Tukilima mteremko ovyo na kukata miti ya kingo, udongo wetu huenda kuyafunika mawe, na ukoga anaokula Tropheus hufunikwa nao. Wazee wa Kifipa walikuwa na kilimo chao cha ntumba, vichuguu vya udongo vinavyofukia majani yakaoza na kuwa mbolea, badala ya kuyachoma moto. Ni elimu ya kurithi, inafaa iendelee.

Nne, familia za wavuvi zisaidiwe wakati ziwa linapofungwa. Kumwambia mtu asubiri bila kumuuliza anakula nini ni kumwonea.

Ndugu wanafunzi, samaki ni riziki ya halali tuliyorahisishiwa, hata kuchinja hatukulazimishwa. Riziki iliyorahisishwa hivyo ni amana vilevile, na wanaoidai ni wengi: wa ng'ambo ya ziwa, na wale ambao bado hawajazaliwa.

Wabillahi tawfiq.