Gumegume: Ya Kale au Nakala?

Ukisikia "mume gumegume" bila shaka utacheka. Lakini je, wajua kwamba gumegume ni jiwe gumu litoalo cheche, na pia ni bunduki ya zamani? Ukifyatua, jiwe hugonga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani, moto ukapenya tunduni hadi ndani ya mtutu. Du! Baruti ikilowa, basi kwisha.

Wako watu wanaokusanya bastola za namna hii. Kwa kuwa za kale ni ghali, wengi hununua nakala, zikiwemo zinazotengenezwa Gardone Val Trompia, Italia. Hizo sio za kuchezea watoto. Zikitiwa baruti na risasi huua. Mtutu ukishajaribiwa, hupigwa mihuri na alama ya mwaka. Hapo ndipo walaghai hupenyea: hufuta alama kwa tupa, wakakitia chuma kutu, wakauza mpya kwa bei ya kale.

Kwa maoni yangu, nakala si aibu. Aibu ni kuificha umri. Anayeibiwa si mnunuzi peke yake, bali hata historia. Kwa hivyo jamani, kabla ya kusifu kutu, tafuteni muhuri!