Usimwage chachu, ioke

Wiki ya kwanza niliporudi Takawiri, dani nusura anifukuze jikoni. Nilikuwa nimeshika mkebe wangu wa chachu juu ya karai la maji machafu, tayari kumwaga nusu, akanishika mkono.

"Nyakwara, unamwaga chakula?"

Wacha nieleze. Niliacha chuo Nairobi baada ya karo kunilemea. Nilichorudi nacho kisiwani ni begi, simu, na mkebe wa unga uliochanganywa na maji na kuachwa uchache. Mwaka 2020, corona ilipowafungia watu nyumbani, wengi duniani walijifunza kuoka mkate kwa chachu kama hiyo, bila hamira ya dukani. Mimi nilijifunza baadaye, kwenye video.

Shida yake ni hii: chachu hulishwa unga na maji mara kwa mara. Usipoipunguza, itakuhitaji ndoo. Kwa hivyo video nyingi zinakuambia utupe nusu kila unapoilisha.

Sasa tupa unga hapa uone. Unakuja kwa boti kutoka Mbita, na gharama ya safari iko ndani ya bei. Isitoshe, kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na pesa hukauka ufuoni.

Tena dani alikuwa na chachu yake kabla sijazaliwa. Huloweka unga wa mtama, huuacha uchache siku mbili tatu, kisha hupika uji. Kidogo hubaki chini ya chungu kuanzisha mwingine. Hamwagi chochote.

Basi nikaanza kuoka mabaki. Sayansi yake ni rahisi. Ndani ya chachu kuna hamira ya asili inayotoa gesi, na bakteria wanaotoa asidi. Chachu ya jana imechoka, haiwezi kuumua mkate vizuri. Lakini asidi bado ipo, na ikikutana na magadi ya kuokea, gesi hutoka papo hapo. Hungoji uumuke.

Chukua kikombe kimoja cha chachu, kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari, robo kikombe cha mafuta, mayai mawili, ndizi mbili zilizoiva sana, nusu kijiko cha chai cha magadi na chumvi kidogo. Ponda ndizi, changanya vitu vya majimaji, kisha ongeza vikavu. Usikoroge sana, keki zitakuwa ngumu. Mimi mara ya kwanza nilizidisha magadi. Dani alionja, akatema, akaniuliza kama naoka sabuni.

Ovena sina. Nina sufuria kubwa yenye mchanga, na mchanga Takawiri si wa kununua. Uoshe, uanike, uupashe moto. Panga vikombe vya bati vilivyopakwa mafuta, funika, weka makaa machache juu ya kifuniko. Baada ya dakika 25 hivi, chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Utapata keki ndogo kama kumi.

Kuna chachu ya kutupa kweli: ikiota ukungu au ikigeuka rangi ya waridi, mwaga yote, usionje.

Sasa naamka saa kumi alfajiri. Wavuvi wanaporudi na taa zao, chai ya dani iko tayari na keki zangu ziko kwenye beseni, shilingi ishirini moja. Msimu wa omena zinaisha kabla jua halijapanda. Msimu ukifungwa, naoka nusu, nyingine nawakopesha majirani na kuandika kwenye daftari.

Karo haijatimia, sitakudanganya. Lakini unga wa kesho unatoka kwenye keki za leo, na kila jioni nabakisha vijiko viwili vya chachu chini ya mkebe. Dani hukagua.