Kompyuta yachuja mitishamba ya China, lakini tumbo lasubiri jibu

Ukikaa na Waswahili wa huku ughaibuni, mazungumzo ya vidonda vya tumbo, gesi na kiungulia hayaishi mpaka mtu ataje dawa ya Kichina. Siku hizi sifa ya dawa hizo imeongezewa neno jipya: eti zimethibitishwa na kompyuta. Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha zako mfukoni, ni vyema ujue kompyuta hiyo inafanya kazi gani hasa.

Mwaka 2014 wataalamu wa China walitoa hifadhidata iitwayo TCMSP, yenye mimea 499 ya tiba ya jadi na kemikali zaidi ya 29,000 zilizomo ndani yake. Programu hukisia kila kemikali ikimezwa itafika kwenye damu kwa kiasi gani, na watafiti wengi huziacha zile zilizo chini ya asilimia 30. Zinazobaki hujaribiwa, kwenye skrini tu, kama zinaingia kwenye protini inayohusika na ugonjwa, mithili ya ufunguo na kitasa. Inayokaa vizuri hupewa alama za juu. Kazi ambayo maabara ingeifanya kwa miaka humalizika kwa siku chache.

Si jambo la kubeza. Bibi Tu Youyou na wenzake walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria, walipekua kwa mikono mapishi ya jadi yapatayo 2,000. Matunda yake ni artemisinini, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ambayo ndiyo chimbuko la dawa mseto inayotumika kule nyumbani.

Tatizo ni pale makisio yanapouzwa kama majibu. Chukua mfano wa berberini, kemikali chungu ya rangi ya manjano inayotoka kwenye mmea uitwao huanglian, ambao Wachina wameutumia kutibu kuhara kwa karne nyingi. Vidonge vyake huuzwa katika maduka ya dawa ya huko bila cheti cha daktari. Hifadhidata ile inakisia kwamba asilimia 36.86 ya berberini hufika kwenye damu, kwa hiyo inapita kwenye chujio. Walipopimwa panya, kiasi kilichoonekana hakikufika hata asilimia 1. Kwa maneno mengine, berberini ilipenya kwa hesabu isiyo sahihi. Kipimo cha panya kingetumika, ingetupwa mlangoni.

Na ingekuwa hasara kuitupa. Ugonjwa ukiwa ndani ya utumbo, dawa isiyovuka kwenda kwenye damu inabaki palepale penye kazi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za China kwa watu 1,108 waliokuwa wameondolewa vivimbe vya utumbo mpana, vile ambavyo vinaweza kugeuka saratani. Nusu walipewa berberini, gramu 0.3 mara mbili kwa siku, na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Miongoni mwa waliochunguzwa tena kwa kamera katika miaka miwili, vivimbe vilirudi kwa asilimia 36 ya waliopata berberini na asilimia 47 ya wale wengine. Hilo ndilo jibu, na lilitoka kwa watu.

Kisha kuna kwesetini. Soma ripoti za uchujaji wa namna hii, iwe ni za vidonda vya tumbo au za kuvimba utumbo, na mara nyingi utaikuta juu ya orodha. Sababu ni nyepesi: imo katika mimea mingi mno, na hunata kwenye protini nyingi. Imo pia kwenye vitunguu na matufaha. Kama ndiyo siri ya tiba ya tumbo, basi wala mchuzi tungekuwa tumeshapona zamani.

Mimi natoka nchi ambako kiwanda hutangazwa kuwa mafanikio siku linapowekwa jiwe la msingi, kwa hiyo harufu hii naijua.

Hata jibu la watu lina upande wa pili. Qing dai ni unga wa nili wa Kichina ambao wagonjwa wa Japani wenye vidonda vya utumbo mpana, wanaohara damu, wamekuwa wakiutumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa wagonjwa 86 kwa muda wa wiki 8: waliopata gramu 2 kwa siku walipata nafuu kwa asilimia 81, na waliopewa kisicho na dawa kwa asilimia 13.6 tu. Ni matokeo ya kutikisa. Lakini utafiti huo ulikatishwa kabla ya idadi iliyopangwa, kwa sababu iliripotiwa kwamba mtumiaji mmoja wa qing dai amepata shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa unaoweza kuua, na mwishoni mwa mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Japani ikatoa tahadhari. Kompyuta iliyoulizwa habari za utumbo hujibu habari za utumbo. Haikuulizwa habari za mapafu.

Mgonjwa huyo hakuwa miongoni mwa wale 86. Alijinunulia unga wake mwenyewe, akautumia kwa miezi sita.