Je, Wajua Kopo la Resini Linaweza Kufuka Moshi Bila Kiberiti?

Uzi mmoja wa kaboni una unene wa mikrometa 5 hadi 7 hivi, wakati unywele wa binadamu hufika mikrometa 70. Nyuzi hizo hukusanywa kwa maelfu, 3,000 au hata 12,000 katika fungu moja, kisha mafungu hufumwa kuwa kitambaa cheusi kinachong'aa. Ukikishika, kinalegea na kuteleza mkononi. Nguvu yake huonekana kikishalowekwa resini ya epoksi na resini ikaganda. Hapo nyuzi na resini husaidiana kama nondo na zege: nyuzi hubeba mvuto, resini huzishikilia zisihame. Takriban nusu ya uzito wa ndege ya Boeing 787, ile Dreamliner inayorushwa na Air Tanzania na Kenya Airways, ni nyenzo za jamii hii.

Asili ya nyuzi za kaboni ni plastiki. Nyuzi za poliakrilonitrili, ndugu wa karibu wa zile za akriliki zinazofumiwa masweta, hupitishwa katika joto la nyuzijoto 200 hadi 300 penye hewa, kisha huchomwa kwa zaidi ya nyuzijoto 1,000 mahali pasipo oksijeni, mpaka inabaki karibu kaboni tupu. Roger Bacon alipata nyuzi za kaboni zenye nguvu ya ajabu mwaka 1958 katika maabara ya Union Carbide huko Ohio, Marekani. Miaka michache baadaye Akio Shindo wa Japani akaonyesha njia ya poliakrilonitrili, ambayo ndiyo inayotawala viwanda hadi leo. Mwaka 1981 McLaren waliingiza kwenye mashindano ya Formula 1 gari lenye chasi ya kaboni. Siku hizi kijana mwenye meza, brashi na pesa kidogo anaweza kuagiza kitambaa hicho na kutengeneza fremu ya droni au kuziba ufa wa baiskeli.

Wanaoanza wengi hukiogopa kitambaa cheusi. Kwa maoni yangu, cha kuogopwa zaidi ni kile kimiminika cha rangi ya asali kilicho pembeni.

Epoksi huja katika makopo mawili, resini na hadena. Kwa kawaida haina harufu kali, na tone likikuangukia mkononi mara nyingi husikii kitu. Ubaya wake uko hapo. Ngozi ikiguswa mara kwa mara, mwili unaweza kujenga mzio: wiki, miezi au hata miaka baadaye, mikono inaanza kuwasha, kuwa myekundu na kutoka malengelenge. Mzio huo ukishaingia hautoki, na kiasi kidogo sana kinatosha kuuamsha. Wapo mafundi hodari walioacha kazi kwa sababu hiyo. Vaa glavu za nitrili na uzibadilishe mara zikichafuka, pamoja na nguo ya mikono mirefu. Resini ikikugusa, ifute kwa karatasi kavu kisha uoshe kwa sabuni na maji. Usijisafishe kwa thina wala asetoni hata kama ndivyo ulivyoona gereji, kwa maana vimiminika hivyo huondoa mafuta ya ngozi na kuirahisishia resini njia ya kupenya.

Sasa litazame kopo. Resini na hadena zikikutana, zinatoa joto. Zikiwa zimepakwa nyembamba juu ya kitambaa, joto linapotea hewani. Zikiwa zimejazana kwenye kopo, joto linakosa pa kutokea, linaharakisha mgando, na mgando unazaa joto zaidi. Kwanza kopo linakuwa vuguvugu, kisha mchanganyiko unakuwa mzito ghafla. Muda mfupi baadaye unaweza kupita nyuzijoto 100, kopo la plastiki likalainika na moshi mweupe ukaanza kupanda. Changanya kidogo kidogo, na ukimaliza kuchanganya mimina kwenye sinia pana. Kopo likianza kupata moto lipeleke nje penye upepo, na usilitupe kwenye pipa lenye karatasi na matambara.

Muda ulioandikwa kwenye lebo kwa kawaida hupimwa penye nyuzijoto 20 au 25, na kila joto likipanda kwa 10, kasi ya mgando huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo adhuhuri ya Mombasa au Dar es Salaam inakunyang'anya sehemu kubwa ya muda huo. Nunua hadena ya polepole, ufanye kazi alfajiri. Usicheze na vipimo. Aliyezoea faibaglasi ya poliesta anajua kupunguza au kuongeza kidogo matone ya kichocheo kulingana na joto, lakini hadena ya epoksi ni nusu ya mmenyuko wenyewe. Ikizidi au ikipungua, kazi inabaki laini na yenye kemikali isiyoganda. (Na kwa wa poliesta: kichocheo cha peroksidi kisikutane moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwani huweza kulipuka, na tone lake likiingia jichoni linaweza kupofusha.)

Kazi ikishaganda, kuna vumbi. Piga msasa wa maji, uvae miwani ya kinga na barakoa ya N95 au FFP2. Barakoa hiyo huzuia vumbi tu. Mvuke unahitaji kichujio chake. Usikimbilie kupiga msasa kitu kilichoganda juu juu, maana vumbi la resini ambayo haijakamilika nalo huleta mzio. Kipe siku kadhaa. Ukingo uliokatwa una miiba myeusi inayokatikia ndani ya kidole, kwa hiyo ulainishe papo hapo. Tena kaboni hupitisha umeme, na vumbi lake likiingia kwenye grenda au kompyuta linaweza kusababisha shoti.

Ikiwa unataka kuanza, nunua kwanza glavu, miwani, barakoa na mizani ya gramu ambayo haitarudi jikoni, ndipo ununue kitambaa. Kazi ya kwanza iwe kipande kidogo bapa juu ya kioo kilichopakwa nta. Na mikono ikianza kuwasha baada ya kazi, acha siku hiyohiyo, uende kwa daktari ukiwa na lebo za makopo yote mawili.