Ukweni Muleba na Mfungo Wangu

Mke wangu alinionya tukiwa bado Bukoba mjini: "Huko kwa baba usilete habari zako za kufunga." Nilikuwa wiki ya tatu ya mfungo wa saa 16, nakula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu. Suruali zilishaanza kulegea, sasa niache?

Saa tatu asubuhi tukatinga Muleba. Hata sijakaa vizuri, baba mkwe akaninyooshea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile Robusta iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa. Si unajua tena, kwa Wahaya hiyo ndiyo karibu yenyewe. Ukiikataa, umemkataa mwenye nyumba. Nikachukua punje mbili, nikatafuna. Mke wangu akashusha pumzi.

Je, nilifungulia? Kwa hesabu kali ndiyo, ila kalori zake ni chache mno. Saa za kufunga ruksa ni maji, chai ya rangi na kahawa nyeusi, vyote bila sukari wala maziwa. Rubisi je? Thubutu! Ile ni ndizi na mtama, na pombe juu. Senene nao wana mafuta na protini, wasubiri mchana. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito na anayenyonyesha wamwone daktari kwanza.

Ndizi na maharage zikaiva saa tano na nusu. Shemeji akaja na birika na beseni: "Shemeji, karibu unawe." Nikamtazama mke wangu, yeye akaitazama saa yangu mkononi. Nikaivua, nikanawa.